Bibi Harusi wa Udongo

Katika mashamba na vichaka vya uwanda wa juu wa Ufipa, kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa, imesimama minara ya udongo ambayo mgeni huidhania vichuguu. Mingi imebaki vipande. Michache ingali na kimo chake cha karibu mita tatu, mipana chini na myembamba juu, kitako chake kikiwa kimezungukwa na matundu. Wafipa huuita mmoja ilungu; ikiwa mingi ni malungu.

Ni matanuru ya kuyeyushia chuma. Yaliwaka kwa karne kadhaa, na moto wake ulififia katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Humo ndimo yalimotoka majembe yaliyolima ulezi wa Ufipa, mashoka, mikuki na visu. Lakini anayeliangalia ilungu kama kiwanda tu ameona nusu ya jambo, tena nusu ndogo. Kwa waliolijenga, tanuru jipya lilikuwa bibi harusi. Lilipambwa na kuimbiwa kabla halijawashwa, likapewa dawa zake, na wanaume waliolitumikia wakakaa mbali na wake zao mpaka chuma kilipotoka.

Kuna kazi za mikono zinazomdai mtu vidole vyake peke yake, na kuna zinazomdai pamoja na moyo wake, ulimi wake na kitanda chake. Uyeyushaji wa chuma Ufipa ulikuwa wa namna hii ya pili. Anayetafuta katika Tanzania mahali ambapo ubunifu wa mikono na sala vilikuwa kitu kimoja, hana haja ya kwenda mbali na Sumbawanga.

Mji huo, makao makuu ya Mkoa wa Rukwa tangu mkoa ulipoanzishwa mwaka 1974, uko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Juni na Julai baridi yake huingia mifupani. Mashariki milima ya Mbizi inainuka, kisha nchi inaporomoka ghafla kwenye ukingo wa Lyamba lya Mfipa hadi bonde la Ziwa Rukwa. Magharibi inashuka kuelekea Ziwa Tanganyika. Leo uwanda huu ni moja ya ghala za mahindi za taifa, lakini kabla ya mahindi kutawala chakula kikuu kilikuwa ulezi, na ulezi wa Ufipa ulikuwa na kilimo chake cha pekee. Mvua zilipokaribia kwisha, wakulima walifukia nyasi mbichi chini ya vilima vidogo vya udongo, intumba, wakaviacha vioze. Maharage yalipandwa juu yake. Msimu uliofuata vilima vilibomolewa, udongo wenye mbolea ukatandazwa, na ulezi ukamwagwa. Ardhi ikarutubishwa bila kuhamahama.

Kilimo hicho kinahitaji jembe pana na zito. Mpelelezi Mskoti Joseph Thomson, aliyepita Ufipa mwaka 1880, aliwaona Wafipa kuwa wakulima hasa kuliko watu wengine aliokutana nao njiani, na akasifu pia nguo za pamba walizofuma. Nyuma ya sifa hiyo kulikuwa na chuma kingi, na nyuma ya chuma hicho kulikuwa na watu wa ilungu.

Kazi ilianza miezi mingi kabla ya moto. Makaa yalichomwa kutokana na miti migumu. Mawe yenye chuma yalichimbwa na kupondwapondwa. Mahali pa kujenga palichaguliwa kwa makini: karibu na mawe, karibu na miti, karibu na maji, na mara nyingi kando ya kichuguu, kwa sababu udongo wa mchwa hushikana vizuri, hauogopi joto, na mgongo wa kichuguu humpa mtu ngazi ya kupandia ili amimine makaa na mawe kutoka juu. Tanuru la mita tatu halijazwi na mtu aliyesimama chini.

Fundi mkuu ndiye aliyeshika intangala, kapu la dawa. Ndani yake mlikuwa na mizizi, magome, majani na vitu vya wanyama, kila kimoja na kazi yake: kingine cha kuwafukuza wenye nia mbaya, kingine cha kulipa tanuru nguvu ya kuzaa, kingine cha kuwatuliza mizimu wa mahali. Kapu lilirithishwa. Kijana aliyetaka kuwa fundi alijifunza yaliyomo humo kama alivyojifunza kuujua udongo mzuri na mbaya, na hakuna dalili kwamba mwalimu wake aliyaona mafunzo hayo kuwa masomo mawili.

Baadhi ya dawa zilifukiwa chini ya sakafu kabla ukuta haujapanda, na huko chini ndiko wataalamu wa mambo ya kale walikozifuata baadaye. Profesa Bertram Mapunda wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ndiye aliyelifanya jambo hili kuwa kazi ya maisha yake. Alitembea na kuchimba wilayani Nkasi na mwambao wa Ziwa Tanganyika kwa ajili ya shahada yake ya uzamivu aliyoipata Chuo Kikuu cha Florida mwaka 1995, na mwaka 2010 kitabu chake juu ya chuma cha Wafipa kilichapishwa Kampala. Alionyesha kwamba Ufipa haikuwa na njia moja ya kuyeyusha chuma. Palikuwa na Katukutu, njia kongwe ya matanuru madogo ambayo waliokuja baadaye hawakuirithi. Palikuwa na malungu, matanuru marefu. Na katika karne ya 19 wakaingia Warongo, mafundi wenye asili ya upande wa Geita, na njia yao ya mivukuto.

Mwaka uliofuata, 2011, Mapunda alitoa makala iliyogusa kiini cha habari hii. Hoja yake ni kwamba fundi wa ilungu na mganga wa watu walikuwa mtu mmoja. Yule yule aliyejua mti upi unashusha homa ndiye aliyejua mti upi unawekwa chini ya tanuru. Na mimea mingi iliyotumika kwa chuma ilitumika pia kwa wagonjwa. Hilo likieleweka, mengi yanajipanga. Mganga hamponyi mtu kwa mzizi peke yake. Anamuuliza ana ugomvi na nani, amemkosea nani, nyumbani kwake kukoje. Fundi naye alilitazama tanuru kwa jicho hilo hilo. Chuma kikigoma kutoka, swali la kwanza lingeweza kuwa la mawe au makaa, na lingeweza pia kuwa la watu: nani amelala na mkewe, nani amekuja na kinyongo, nani ameficha jambo.

Ndipo kambi ilipokuwa na maana. Wakati wa kuyeyusha, mafundi walihamia porini na kuishi karibu na tanuru. Walijinyima unyumba. Mwanamke aliye katika siku zake hakukaribia. Ugomvi na matusi vilionekana kuwa hatari kwa kazi. Mwanaume aliyezoea kuwa mume, baba na jirani aliviweka kando vyote hivyo kwa muda, akabaki kuwa mtumishi wa kitu kilichokuwa kikiumbwa. Mkristo aliyewahi kuingia mafungo, au Mwislamu aliyewahi kukaa itikafu katika kumi la mwisho la Ramadhani, anaifahamu hali hiyo bila kufafanuliwa.

Kabla ya moto palikuwa na harusi. Tanuru lililokamilika lilipambwa na kupokewa kwa nyimbo na ngoma, likahesabiwa kuwa mwali aliyekwishafundwa na sasa yuko tayari kuzaa. Mtafiti Randi Barndon wa Chuo Kikuu cha Bergen, Norway, aliyelinganisha uyeyushaji wa Wafipa na wa Wapangwa wa Ludewa, alionyesha jinsi mwili wa mwanamke ulivyokuwa kielelezo cha kazi nzima: ujenzi, ndoa, mimba, uzazi. Mwanahistoria Mmarekani Eugenia Herbert, katika kitabu chake cha mwaka 1993 juu ya chuma, jinsia na mamlaka barani Afrika, aliikuta fikra hiyo katika jamii nyingi, kuanzia Zimbabwe, ambako baadhi ya matanuru yalifinyangwa na matiti, hadi Afrika Magharibi. Kwa hiyo Mfipa hakuwa peke yake. Ila bibi harusi wa Ufipa alikuwa miongoni mwa warefu.

Kisha moto. Na hapa ilungu linatofautiana na matanuru mengi yanayofahamika Tanzania.

Wahaya wa Kagera, ambao uyeyushaji wao uliandikwa na Peter Schmidt na Donald Avery katika jarida la Science mwaka 1978, walitumia mivukuto: watu waliketi wakipuliza hewa kwa zamu, kwa nguvu, saa baada ya saa. Ilungu halikupulizwa. Urefu wake ndio uliokuwa mvukuto. Hewa ya moto ilipanda ndani ya shimo refu na kutoka juu. Hewa mpya ikavutwa kupitia mirija ya udongo iliyopangwa kwenye matundu ya chini. Tanuru lilijivutia pumzi lenyewe. Mafundi wakishalijaza tabaka za makaa na mawe na kuliwasha, kazi kubwa iliyobaki ilikuwa kukesha. Siku kadhaa zilipita hivyo, mchana na usiku, wakilisikiliza, wakitazama rangi ya moto kwenye mirija, wakiongeza makaa, wakiimba.

Wataalamu wanaeleza faida na hasara zake kwa hesabu iliyo wazi. Tanuru la namna hii hupunguza nguvu ya watu lakini hula makaa mengi na huchukua muda mrefu. Chuma chake pia hutoka kichafu, kimechanganyika na mavi ya chuma. Yote ni kweli. Lakini pana jambo jingine ambalo hesabu ya makaa hailifikii: njia hii inamweka mtu mahali pa kungoja. Mpuliza mivukuto ana la kufanya kila dakika, na akichoka anajua lawama ni ya mikono yake. Fundi wa ilungu amemaliza yaliyo katika uwezo wake, naye sasa anakaa mbele ya kitu kinachofanya kazi bila yeye. Si ajabu kwamba katika hali hiyo dawa, nyimbo na usafi wa moyo vilipata uzito mkubwa. Vilikuwa ndiyo kazi iliyosalia.

Kinachotokea ndani kinaweza kuelezwa kwa kemia ya sekondari. Makaa yanayoungua kwa hewa kidogo hutoa gesi ya monoksidi ya kaboni. Gesi hiyo huyanyang'anya mawe oksijeni iliyoshikamana na chuma. Chuma chenyewe huyeyuka kwa nyuzi joto 1,538 za Selsiasi, na matanuru haya hayakuhitaji kufika huko. Katika nyuzi 1,200 hivi uchafu huwa uji na kujitenga, nacho chuma hubaki kigumu, chenye vitundu, bonge lisilovutia macho. Fundi aliyevunja mlango wa tanuru na kuvuta bonge hilo hakuwa na hakika ya alichopata. Ilibidi livunjwe, vipande vyenye chuma vichaguliwe, kisha vipelekwe kwenye tanuru la pili, kintengwe, dogo sana likilinganishwa na ilungu. Huko ndiko mivukuto ilikotumika hatimaye, kusafisha kilichozaliwa. Baadaye kikafuata kiwanda cha mhunzi, nyundo na jembe. Kazi ya miezi mingi ya watu wengi ilipita katika mioto mitatu kabla mtu hajapata cha kushika mkononi.

Hilo la kutoona mpaka mwisho linastahili kutazamwa zaidi, kwa sababu linayaunganisha malungu na sanaa ambayo kwa haraka haifanani nayo hata kidogo: uchapaji wa picha.

Msanii wa chapa huchonga ubao, linoliamu au bamba la metali, akalipaka wino na kuligandamiza kwenye karatasi. Anachonga kinyume, kulia kwake kutakuwa kushoto. Kwenye ubao na linoliamu, sehemu anayoiondoa ndiyo itakayobaki nyeupe. Anaweza kufanya kazi wiki nzima bila kuiona picha yake, na anaiona siku anayoinua karatasi. Kwenye bamba la metali kuna hatua inayomkaribia kabisa fundi wa Ufipa: msanii hukwaruza mchoro kwenye nta iliyofunika bamba, kisha analizamisha katika asidi na kungoja. Asidi ndiyo inayochonga. Jijini Dar es Salaam vijana walijifunza ufundi huo katika Nyumba ya Sanaa, iliyoanzishwa mwaka 1972 kwa juhudi za Sista Jean Pruitt wa shirika la Maryknoll, na Robino Ntila akatoka humo akiwa mmoja wa wachapaji picha wanaojulikana zaidi nchini.

Si bahati tu kwamba uchapaji picha umekaa karibu na dini mara nyingi. Huko Rorke's Drift, Afrika Kusini, kituo cha sanaa cha Kanisa la Kilutheri kilichoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 kililea wachonga linoliamu wawili wakubwa wa bara hili, Azaria Mbatha na John Muafangejo. Mbatha alizisimulia habari za Biblia kwa watu weusi na mandhari ya kwao. Muafangejo, aliyezaliwa Angola mwaka 1943 na kufariki Windhoek mwaka 1987, alichonga maneno ndani ya picha zake, sala na kumbukumbu zikiwa bega kwa bega na maaskofu, vita na upweke wake. Japani alikuwepo Munakata Shikō, aliyeshinda tuzo kuu ya uchapaji picha katika maonyesho ya Venice mwaka 1956. Macho yake yalikuwa mabovu mno. Alichonga uso wake ukikaribia kugusa ubao, kwa kasi, na picha zake za wanafunzi kumi wa Buddha ni miongoni mwa kazi zilizompa jina. Alishikilia kwamba picha ni ya ubao kwanza, kwamba msanii huisaidia kutoka.

Mtu wa ilungu angemwelewa. Chuma kilikuwa tayari ndani ya jiwe. Uzazi ulikuwa tayari ndani ya udongo. Wajibu wa binadamu ulikuwa kuandaa njia, kuwa msafi, na kukesha.

Tunayajua haya kwa sababu walikuwepo watu walioyaandika wakati moto ulikuwa haujazimika kabisa, au ulipozimika lakini wazee walikuwa hai. Askofu Adolphe Lechaptois wa Mapadri Weupe, aliyeongoza kanisa la Tanganyika kutoka Karema, alitoa kitabu mwaka 1913 juu ya watu wa mwambao wa ziwa, na wayeyushaji chuma wamo. Jarida la Tanganyika Notes and Records lilichapisha maelezo ya R.C.H. Greig mwaka 1937, kisha makala mbili za R. Wise mwaka 1958: moja ya ufundi wenyewe, nyingine ya mila zake. Baada ya uhuru J.A.R. Wembah-Rashid, Mtanzania, aliandika juu ya watu wa chuma wa Ufipa mwaka 1969. Roy Willis, mwanaanthropolojia Mwingereza, alikusanya masimulizi na historia ya Wafipa katika miaka ya 1960 na kuyatoa katika vitabu kadhaa, kimoja kikieleza kuinuka kwa dola za Nkansi na Lyangalile.

Mgawanyo wa makala za Wise unasema mengi. Ufundi huku, mila kule. Ndivyo wengi walivyoendelea kusoma habari hizi: mhandisi akaruka kurasa za kapu la dawa, na mpenda mila akaruka kurasa za mirija na makaa. Hasara ilikuwa ya wote wawili. Mwaka 1987 Nikolaas van der Merwe na Donald Avery walichapisha matokeo ya uyeyushaji waliouomba ufanywe upya na wazee wa Malawi, wakiwemo Waphoka, ambao matanuru yao marefu ni ndugu wa malungu. Waliandika sayansi na uganga katika makala moja. Hapo ndipo pa kuanzia, na Mapunda, kwa kumrudisha mganga mbele ya tanuru, amekwenda mbali zaidi.

Lakini heshima kwa mababu isigeuke kuwa upofu. Ibada ya ilungu ilikuwa na upande mgumu. Tanuru lilikuwa mwanamke, na wanawake wenyewe wakazuiwa kulikaribia saa ilipofika ya kuzaa. Ulimwengu ukaazima uwezo wao na kuwaacha nje ya uzio. Tena imani kwamba chuma huharibiwa na uzinzi au husuda ilimaanisha kwamba kazi ikiharibika lazima apatikane wa kulaumiwa. Pengine ni mke aliyebaki kijijini, pengine ni jirani asiyependwa. Katika mkoa ambao hadi leo tuhuma za uchawi zinaweza kuvuruga ukoo mzima, hilo si jambo la kupita juu juu. Nidhamu ya moyo inayomfanya fundi ajichunguze ni njema; ikigeuzwa kumchunguza mwenzake huzaa dhuluma.

Kilichoyazima malungu hakikuwa kimoja. Majembe kutoka Ulaya yaliletwa, membamba lakini ya bei ndogo na tayari kwa kutumika. Kodi ya mkoloni iliwapeleka vijana kwenye kazi za mshahara badala ya kambi za porini. Mafundisho mapya ya dini yalilitazama kapu la dawa kwa mashaka. Hata chuma chakavu kilichangia: mhunzi aliyepata kipande cha chuma kilichokwisha kusafishwa hakuwa tena na haja ya mioto miwili ya kwanza. Akabaki na ule wa tatu. Uhunzi ukaishi, uyeyushaji ukafa. Na fundi aliyeondoka ni yule yule aliyekuwa mganga. Baadaye majembe yalitoka viwandani, Ubungo na Zana za Kilimo Mbeya, na mkulima wa Laela au Chala akawa analima na chuma asichokijua kilikozaliwa.

Kilichobaki ni minara. Nayo iko katika hali ya kutia wasiwasi. Ilungu halina paa wala ukuta wa kulilinda. Mvua ya kila masika hulila kidogo kidogo, mizizi hulipasua, na jembe la ng'ombe au trekta hukaribia zaidi kila mwaka kwa kuwa ardhi imekuwa adimu na mahindi yana soko. Mkulima anayelivunja hana kosa la makusudi. Mara nyingi hakuna aliyemwambia ni nini.

Sheria nayo ina pengo. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Malungu mengi yanayosimama yalijengwa baada ya hapo, kwa kuwa udongo haudumu milele, na hivyo yanahitaji kutangazwa rasmi na waziri ili yapate ulinzi huo. Mwaka huo uliowekwa haukumfikiria fundi wa udongo wa Nkasi, ambaye katika miaka ya 1900 alikuwa bado anajenga kama babu yake.

Rukwa haina upungufu wa mambo ya kale. Maporomoko ya Kalambo, yenye urefu wa zaidi ya mita 200 mpakani na Zambia, yanajulikana duniani kwa uchimbaji alioanza J. Desmond Clark katika miaka ya 1950, na huko pia mabaki ya watu wa kwanza wa zama za chuma yamepatikana. Barabara ya lami kutoka Tunduma imeifungua Sumbawanga kwa magari yaliyokuwa yakikwama siku nzima. Mgeni anayekuja kuyaona maporomoko anaweza kuonyeshwa ilungu, ikiwa litakuwepo, na ikiwa atakuwepo wa kumweleza.

Kazi inayotakiwa si ya mabilioni. Halmashauri za Nkasi, Kalambo na Sumbawanga zina maofisa utamaduni. Zinaweza kuanza kwa kuyahesabu yaliyosalia, kata kwa kata, na kuandika yako kwenye shamba la nani. Mwenye shamba akijua kwamba kichuguu chake kilichonyooka ni tanuru la karne iliyopita, anaweza kuacha hatua chache za ardhi bila kulimwa. Shule za sekondari zilizo karibu zina walimu wa kemia na wa historia, na wote wawili wanaweza kutoa kipindi kimoja hapo hapo, mbele ya mirija ya udongo iliyoungua. Na wazee waliosimuliwa na baba zao majina ya mimea ya intangala wanapaswa kusikilizwa sasa, wakati mimea yenyewe bado inaota kwenye misitu ya Mbizi na mtu anaweza kwenda kuionyesha kwa kidole.